Pango la Noeli la Ephrasia

“Mama Edmund, Noeli imepita, mbona hori bado tupu?” Mariana alimuuliza jirani yake Ephrasia.

“Wa kumlaza Mtoto yuko njiani,” Ephrasia akajibu.

Ephrasia wa kijiji cha Ukata, wilayani Mbinga, hutengeneza pango la Noeli ndani ya chupa kubwa ya kioo: udongo wa shambani, majani laini yanayoota juu ya mawe ya mtoni, Maria na Yosefu. Mwaka mzima huyanyunyizia majani hayo maji yasikauke. Kumlaza Mtoto Yesu ni kazi ya mwanawe Edmund tangu utotoni.

Mwaka huu Edmund alitoka Dodoma, akapita Mbinga, akashuka ziwani kula samaki mbasa na marafiki. Picha tuliziona sisi majirani kwenye simu ya Mariana. Mungu amsamehe, kwa mama yake hakufika.

Nilipokwenda kumpa pole, Ephrasia aliniambia, “Dada, akipiga simu, usimwambie kwamba nilimsubiri.”