Mheshimiwa Asiyekwenda Chai

Ingia Bunge lolote saa kumi za jioni, utakuta viti vitupu na harufu ya chai kutoka mgahawani. Wabunge hutoka mmoja mmoja, wakijipapasa mifuko kama watu waliosahau kitu mahali, na mgeni anaweza kudhani nchi imeahirishwa. Katika Bunge hili palikuwa na mmoja asiyetoka. Wenzake walimwita Msumari. Alikaa safu ya tatu, karibu na nguzo, mkoba mapajani na karanga ndani ya mkoba, na alikuwa amekaa hapo vipindi vitano.

Kabla ya siasa alikuwa msusi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya stendi ya mabasi: viti vitatu vya plastiki, kioo chenye ufa, na pazia lililokuwa shuka zamani. Alijua kwamba mwanamke akishikwa kichwa nusu siku, mdomo hufunguka wenyewe. Humo ndimo alimosikia habari za wajane: leo mume anazikwa, kesho ndugu zake wanakuja kubadilisha kufuli. Alizisikia mpaka siku moja, kitana mkononi, akasema kwamba angekuwa mbunge angelitungia sheria jambo hilo. Wateja wakacheka sana. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kumpigia kampeni.

Aliingia Bungeni hajui hata mlango wa kutokea, lakini kabla ya kipindi chake cha kwanza kwisha alikuwa ameandaa muswada: mjane asitolewe kwenye nyumba aliyoishi na mumewe. Ulifikiwa siku ya mwisho kabisa ya kikao. Alikuwa amesema tangu asubuhi, koo limemkauka, akaona si vibaya kutoka kidogo kunywa chai. Bado anapuliza kikombe, mmoja wa wasioutaka muswada akasimama akamwomba Spika ahesabu watu. Akidi ilipungua kwa mtu mmoja. Kengele zililia, lakini mgahawani vyombo vilikuwa vinagongana na redio inaimba, hakusikia. Aliporudi akijifuta midomo, ukumbi ulikuwa unazimwa taa. Bunge likavunjwa, na muswada ukafa nalo.

Huenda angelisahau kama si wifi yake, dada wa mumewe. Mwaka uliofuata wifi alifiwa na mume, na kabla matanga hayajaisha akatokea mlangoni kwao na godoro kichwani. Mashemeji zake walikuwa wamebadilisha kufuli. Akapewa sebule, akaizoea, akaitawala. Mheshimiwa alimweleza habari ya kikombe kile huku machozi yanamtoka. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama chai yenyewe ilikuwa na tangawizi. Akaambiwa ndiyo.

"Basi angalau ilikuwa chai ya maana," akasema. Tangu hapo kila mgeni aliyeuliza kwa nini analala sebuleni alijibiwa kwamba mke wa kaka yake alikuwa na kiu.

Ndiyo maana Msumari hakutoka tena. Muswada aliurudisha kila kipindi. Ulipelekwa kwenye kamati ukalala huko, ukaamshwa, ukarudi umekatwa miguu, akaushona upya. Nywele zikaingia mvi, magoti yakaanza kulalamika. Wabunge wapya walimcheka kwa karanga zake, halafu taratibu wakaanza kumsogelea kumuuliza kanuni, kwa kuwa aliyekaa siku zote amesikia yote.

Mwishoni mwa kipindi cha tano mambo mawili yakagongana. Muswada ulipangiwa kupigiwa kura alasiri moja, na alasiri hiyohiyo, jimboni, wajumbe wa chama walikuwa wanachagua mgombea. Mpinzani wake alikuwa mwalimu wa sekondari mwenye sauti nzuri, na asiyesimama mbele ya wajumbe huwa ameshawaambia hawahitaji. Gari lilikuwa linanguruma nje. Mheshimiwa alisimama kwenye ngazi, akageuka nyuma. Ndani watu walishaanza kujipapasa mifuko. Simu ikalia; ni wifi yake, yuko mkutanoni jimboni.

"Wifi, uko wapi?"

"Bado niko huku."

"Huku wapi? Watu wameshakaa. Mwalimu amevaa suti, utadhani bwana harusi. Usipotokea leo, kiti kimekwenda."

"Muswada unapigiwa kura. Nikitoka, akidi inaweza isitimie."

Upande wa pili zilisikika spika za mkutano zikijaribiwa, moja, mbili, moja, mbili.

"Ule wa nyumba?"

"Ule ule."

"Sasa kwenye simu unatafuta nini? Rudi ukakae. Na wala chooni usiende. Huku nitasema mimi."

Akamwambia dereva azime gari, akarudi penye nguzo yake. Haukupita muda mtu akasimama kuomba watu wahesabiwe. Katibu akahesabu kwa kidole, akatikisa kichwa. Kengele zikalia. Mheshimiwa alikaza mikono kwenye mkoba akatazama mlango, na kwa mara ya kwanza akaona kile ambacho siku ile ya chai hakikuwapo: watu wakirudi. Wale wabunge wapya waliingia mbio kutoka mgahawani, mmoja bado anatafuna, mwingine ana doa la chai kwenye tai. Huko nje walikuwa wameambiana kwamba Msumari yuko ndani na muswada wake. Akidi ikatimia. Waliosema ndiyo waliwafunika waliosema siyo.

Watu walimgeukia wampongeze. Yeye aliinama mbele ya Spika, akatoka kwa mwendo wa heshima kwenda chooni.

Kesho yake wifi alimpokea stendi. Kabla hajaulizwa akasema wameshindwa, tena kwa kura chache.

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia hujaja kwa sababu unalipia chai. Nikawaeleza yote. Wengi wamelia. Kura wakampa bwana harusi."

Walicheka mpaka wakashikana. Kisha wifi akajipangusa macho, akasema nyumba yake iliuzwa zamani, hairudi. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amepita kwa fundi cherehani wa jirani, ambaye mumewe yuko mahututi na mashemeji wameanza kuzunguka. Alipomsimulia habari ya sheria, yule mama alikaa kitako, akashusha pumzi.

Wiki iliyofuata mwalimu alikuja kwenye chumba cha nyuma ya stendi. Mheshimiwa alikuwa anamsuka wifi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akasema kwamba kiti hajakipata bado, ila akikipata angependa kujua pa kuanzia. Wifi, kichwa kimeinamishwa, akajibu kutoka chini: "Muulize kama anakunywa chai."

Mwalimu alikiri kwamba anaipenda sana. Mheshimiwa akamsukumia kiti cha plastiki kwa mguu.

"Kaa hapo. Usiinuke mpaka nimalize kichwa hiki."

Ndiyo kwanza alikuwa ameanza. Mwalimu akakaa.