Kitambaa cha Mwaitu na Joto la Kompyuta

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafundisha hesabu katika shule ya wasichana nje kidogo ya Mwingi. Tulikuwa na kompyuta moja tu, msaada wa kanisa, na aliyetuletea aliiwekea mfumo wa Linux kwa sababu haukuhitaji leseni ya kununua. Asubuhi ilifanya kazi vizuri. Nikirudi kutoka chakula cha mchana naikuta imezima, kimya kama maji mtungini, na stima ipo.

Mimi hasira zangu haziko mbali. Siku ya nne nilisimama mlangoni mwa staffroom nikapaza sauti: kuna mtu ana mkono mbaya, anaizima makusudi! Mwalimu mkuu akalishika neno langu. Akasema huyo mtu akipatikana atafutwa kazi, awe nani awe nani.

Hasira ilipopoa, hamu ya kujua ikanishika. Katika kitabu cha maelezo nilikuta programu ndogo ya kusoma joto la mashine na kasi ya feni. Nikaianzisha. Iliniuliza maswali chungu nzima kuhusu vidude vya ubao wa ndani, nami nikawa najibu "ndiyo, ndiyo" kama bibi harusi. Mwishowe ikaniambia feni inazunguka mara sifuri. Sifuri, na naisikia ikivuma! Nilifungua boksi nikachungulia, inazunguka. Siku mbili nzima nilihangaika, hadi nikagundua kuna namba moja ya kurekebisha kwenye faili ya mipangilio. Nikairekebisha, feni ikasoma mizunguko elfu nne na kitu kwa dakika. Joto, nyuzi arobaini na mbili. Nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Kisha nikaiagiza iandike vipimo kila dakika. Kesho yake nikasoma: saa saba kamili, arobaini na tatu. Saa saba na robo, hamsini na tano. Halafu sitini na nane, na hapo mashine ikazimika, maandishi yakakatika. Feni ilikuwa inazunguka vilevile. Sasa joto hili linatoka wapi?

Siku iliyofuata sikuenda kula. Nilisimama nje ya dirisha. Saa saba akaingia mfagizi wa shule, na mfagizi wa shule alikuwa mwaitu, mama yangu mzazi. Alikuwa amebeba ufagio na kile kitambaa kizito cha maua alichokishona mwenyewe kwa sindano. Akaifunika kompyuta yote, juu hadi chini, isiingiwe na vumbi, akaanza kufagia huku akiimba wimbo wa kanisa. Kumbe kila siku akimaliza hukikung'uta kitambaa na kuondoka nacho, ndiyo maana sikuwahi kukiona.

Aiya! Ufagio ule ndio ulionisomesha hadi chuo.

Niliingia nikainua upindo wa kitambaa, nikamwonyesha namba zikipanda. Tulipokiondoa, zikaanza kushuka moja moja. Mwaitu akainamia kioo, akazifuata kwa kidole. "Kumbe inapumua," akasema.

Nilikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu nikiwa nimeamua kusema ni mimi niliyeifunika. Sikuwahi kufungua mdomo. Mwaitu alinifuata, akasimama na ufagio wake, akasema, "Mwalimu, yule mtu unayemtafuta ni mimi."

Nikaeleza yote, mbio mbio, na vipimo mkononi. Mwalimu mkuu hakuvitazama. Alikuwa anatazama redio yake iliyokuwa inasoma taarifa pale mezani, imefunikwa kitambaa cha maua, kazi ya mke wake. Akakivua, akakikunja polepole. "Nendeni mkafanye kazi," akasema.

Jioni tulitembea pamoja kwenda nyumbani. Nilikuwa na aibu, nikamwomba msamaha kwa ile kelele ya staffroom, ingawa nilidhani hakuisikia.

"Niliisikia, mwana wakwa. Nilikuwa napiga deki hapo nyuma yako," akasema. "Ndipo nikaanza kuifunika kwa kukikunja kitambaa mara mbili, huyo mwenye mkono mbaya asikuharibie."