Maswali ya Pamba

Mjukuu wangu alisoma chuo kikuu hapa Bujumbura wakati wa vita. Alisoma historia ya uchumi na ya jamii, pamoja na sera za serikali. Mimi niliishia darasa la pili la misioni, basi nikamuuliza hiyo ni kazi gani.

"Bibi, wakubwa wanaandika amri ofisini kule Rohero. Mi natafuta ile amri ilifika namna gani mu chungu ya mutu."

Hilo nililielewa.

Mwaka wa mwisho ilimbidi aandike kitabu cha kumalizia masomo. Alichagua pamba, ile tuliyolimishwa kwa lazima na Wabelgiji. Mwalimu wake alimwambia bila maneno ya mtu aliyeilima, hapiti. Na mtu huyo nilikuwa mimi, nimekaa mlangoni nachambua ndagala, vile visamaki vya ziwani.

Alikuja na kalamu. "Muke mwenza, leo utasema." Ndivyo tulivyotaniana, bibi na mjukuu.

"Apana. Kwanza osha masahani."

"Nimeosha."

"Osha tena. Ile sufuria inakucheka."

Akacheka, akakaa. "Mutu akikosa kungoa miti ya pamba kisha mavuno, walimufanya nini?"

Nikamwambia afunge daftari. Alinibembeleza siku tatu. Siku ya nne nilimkaripia: kama anataka wazee, atafute wengine, wamejaa.

Akatafuta. Walimwelekeza kwa mama mmoja mzee kule Ruziba. Asubuhi alikunywa uji, akaniaga vizuri, hakununa. Gari alilopanda lilipigwa risasi njiani. Walimleta kabla ya saa sita mchana.

Watu waliokuja msibani waliniambia ni vita. Ndiyo, ni vita. Lakini aliyemtuma kwenye barabara ile ni mimi.

Wenzake wa chuo waliniletea daftari. Ukurasa wa yule mama wa Ruziba ulikuwa nyuma kabisa. Wa kwanza aliuandika juu "Bibi", maswali yamepangwa, na chini ya kila swali nafasi tupu. Alikuwa bado ananingoja.

Nilikaa nalo miaka. Sasa nalijibu lile swali la miti ya pamba, palepale chini yake.

Walimlaza baba yangu kifudifudi shambani. Walimvua nguo zote, wakampiga kiboko, na sisi watoto tukasimamishwa tutazame. Amri ilitaka ile miti ing'olewe mara baada ya mavuno isifuge wadudu, naye alichelewa kwa sababu mama alikuwa anajifungua. Alipoinuka hakutuangalia. Nyumbani hakuna aliyelisema jambo lile, wala siku ile wala baadaye, na mimi nilidhani nikinyamaza ninamfunika baba yangu.

Mwalimu wa chuo alisema kile kitabu hakiwezi tena kumalizwa. Sawa. Simwandikii yeye. Yamebaki maswali kumi na moja, na mkono wangu ni mzito.