Vikombe Viwili vya Maharagwe

Miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha wauguzi elimu ya urithi mjini Kakamega, na nilijiona bingwa. Siku moja nilichora ubaoni baba na mama wanaobeba selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, bila wenyewe kuugua, na chini yao watoto wanne: mmoja mgonjwa, watatu hawaugui. Nikapangusa chaki mikononi, somo limekwisha.

Muuguzi mmoja wa Khwisero, aliyenizidi umri, alibaki nyuma akitabasamu. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na ugonjwa huo, na sasa alikuwa na mimba ya pili.

"Asante, Mwalimu," akasema. "Mgonjwa wangu nishapata. Hawa watatu wamebaki watakuwa wazima. Leo naenda kuambia mama mkwe aache kulia."

Hasira zangu ziko karibu siku zote, na nusura nimfokee kwamba hakusikiliza. Bahati nzuri niliutazama ubao kwanza. Alikuwa amesikiliza vizuri kabisa. Mjinga nilikuwa mimi.

"Sista, usiende bado."

Nilikimbia jikoni kwa mpishi, nikarudi na vikombe viwili, cha baba na cha mama. Katika kila kimoja nilitia haragwe moja jekundu na moja jeusi. Jeusi lilikuwa la selimundu: akitoa meusi mawili, mtoto ni mgonjwa. Alifumba macho, akachukua moja huku, moja kule. Yote meusi.

"Huyo ni wa kwanza," akasema.

"Sasa yarudishe. Kila mimba huanza upya na vikombe vilevile."

Aliyarudisha, akachukua tena. Yote meusi. Akaketi, mkono tumboni, nami nikatamani ardhi inimeze.

"Si lazima iwe hivyo," nikamwambia. "Lakini mtoto apimwe mapema, usingoje augue."

Mtoto alipozaliwa na kutimiza miezi sita, mama yake alimpeleka maabara. Alikutwa na ugonjwa.

Nilidhani atanichukia. Badala yake alikuja darasani na mtoto mgongoni, akaomba awaonyeshe wanafunzi wapya vile vikombe yeye mwenyewe. Sijachora watoto wanne tena tangu hapo, na namshukuru mpaka leo. Siku ile alipomaliza kuwaonyesha aliwageuzia mgongo wamwone mtoto, aliyekuwa akimvuta mama yake kitambaa cha kichwa.

"Wa kwanza tulijua ni mgonjwa akiwa amevimba mikono, analia," akawaambia. "Huyu tumemjua akicheka, na dawa ameshaanza."