Gemu Feki ya Mama Lusekelo

Enzi zetu, sisi tuliokulia Tukuyu, gemu haikukaa kwenye mfuko wa suruali. Ilikaa kwa Mama Lusekelo, nyuma ya duka lake la vitenge, kwenye TV ya chogo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Mvua ikianza (na mliokulia huku mnajua kwamba swali halikuwa lini itanyesha bali lini itapumzika), tulivua ndala mlangoni, tukafuta mikono kwenye gunia, tukabanana kwenye benchi. Chumba kilinuka sweta zilizolowa na ndizi za kuchoma. Vijana wa leo wakisikia kwamba tulifurahi kumtazama mwenzetu akicheza wanatuonea huruma, halafu wanarudi kwenye simu zao kuwatazama watu wasiowajua wakicheza.

Zamu zetu zilipimwa kwa pambio. Mama Lusekelo alikuwa mwanakwaya, sauti ya kwanza, na ulicheza mpaka amalize kuimba. Akikupenda, pambio liliongezeka beti. Ukiwa umemwita mama wa watu jina la utani njiani, liliisha kabla kipa hajaupiga mpira.

Na katika chumba hicho hakukuwa na dhambi kubwa kuliko wizi. "Mwizi haanzi na ng'ombe," alitwambia, akimtazama kila mmoja kana kwamba ng'ombe yupo chini ya benchi. "Anaanza na andazi." Tulitetemeka. Hakuna aliyejua kwamba kaseti ya gemu iliyokuwa ikitufundisha uaminifu ilikuwa nakala ya wizi, kutoka picha ya juu mpaka msumari wa chini. Karatasi yake iliahidi gemu elfu moja. Ndani zilikuwemo chache tu, zikijirudia kwa majina mapya. Hatukulalamika. Tulishazoea ahadi za namna hiyo kila palipokuwa na kampeni.

Gemu iliyotuua ilikuwa ya mpira. Aliyeinakili, popote alipokuwa, aliiharibu mahali: ukipiga kutoka karibu na kibendera cha kona, kipa aligeuka, akaipa dunia mgongo, akatazama nyavu zake. Mama Lusekelo ndiye aliyeligundua hilo. Alitufunga sisi, akawafunga kaka zetu, akawafunga vijana waliopanda kutoka Masukulu siku za gulio wakijiona mabingwa. "Kipa wenu anasali," alisema. "Msimsumbue."

Sasa niwaambie nilivyo leo, maana bila hilo hamtanielewa. Mimi ni fundi wa simu na kompyuta. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kuunguza. Labda ndiyo sababu naogopa kukosea kuliko watu wenye vyeti. Yale maandishi marefu ambayo ninyi mnayabonyezea "nakubali", mimi nayasoma mpaka mwisho, halafu nakosa usingizi. Hata sentensi hii nimeifuta na kuiandika tena mpaka nimeichukia.

Basi Lusekelo, binti yake, alipokuja kumchukua mama yake wakaishi wote Dar, mama alinipigia simu. TV ilikuwa imekufa zamani, kaseti imeota kutu.

"Tusa, si nasikia wewe ndiye fundi? Nitafutie ile mechi yangu. Naondoka Jumamosi, na kutoka huko najua sitarudi kwa miguu yangu. Nataka kumfunga mtu kwanza."

Mtu mwingine angeifanya kazi hiyo huku anakunywa chai. Ipo programu inayoifanya kompyuta ijifanye mashine ya gemu ya zamani. Vijana wanaiita emuleta. Mimi nikaanza kusoma sheria. Nikaelewa kwamba emuleta yenyewe kwa kawaida haina kosa. Kosa huja na gemu unayoiweka ndani yake bila ruhusa ya mwenyewe. Nikasoma mabishano ya watu mtandaoni. Mmoja anasema kunakili gemu isiyouzwa tena ni kuokoa historia. Mwingine anasema ni wizi uliovaa miwani. Wa tatu anasema unaruhusiwa kama ulinunua nakala yako. Hapo jasho likanitoka: nakala yetu ilinunuliwa kihalali kabisa, dukani, kutoka kwa mtu aliyeiba.

Nikachagua njia safi. Ile gemu halisi inauzwa tena siku hizi, imepakwa rangi mpya, na nikainunua. Alhamisi nikapanda kwa Mama Lusekelo na kompyuta yangu na dhamiri iliyopigwa pasi.

Alikuwa amefunga vitenge kwenye mabegi. Akaketi, akashika pedi ya kuchezea, na vidole vyake vikakumbuka. Akakimbia mpaka kwenye kibendera. Akapiga. Kipa akaudaka mpira.

Akapiga tena. Kipa akaudaka tena, kwa madaha.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni kipa, mama. Wamemrekebisha."

"Nani aliwatuma?" Aliweka pedi mezani polepole, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula kilichochacha. "Tusa, mwanangu, umepigwa. Hii ni feki."

Nikaanza kumweleza kwamba hii ndiyo halisi, ina leseni. Lusekelo akaniminya mkono. Mama alikuwa amegeukia dirishani, anatazama ukungu ukishuka kwenye mashamba ya chai, na nilijua huo si uso wa mtu aliyefungwa mpira. "Basi," alisema. "Ndaga, umejaribu." Sijawahi kushukuriwa vibaya namna ile.

Nilichokuwa sijamwambia ni kwamba ile nakala yetu, yenye kipa anayesali, nilikuwa nimeipata. Kuna watu duniani wanaokusanya hata kaseti za wizi na kuziweka mtandaoni. Niliikuta, na nikaogopa hata kuipakua. Ningemwomba nani ruhusa? Kampuni haikumtengeneza kipa wetu, na mwizi aliyemtengeneza hana anwani. Ijumaa niliipakua. Nikarudi.

Kipa aligeuka kwa shuti la kwanza. Mama Lusekelo alipiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Halafu akasimamisha mechi, akanigeukia kwa yale macho ya andazi.

"Hii ya leo umeipata wapi?"

Ningeweza kusema sokoni. Lakini mnanijua sasa. Nikamwambia yote: imenakiliwa, hakuna aliyetoa ruhusa, na hata ile yake ya zamani ilikuwa ya wizi.

Lusekelo alinitazama kama mtu anayetafuta fimbo.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Hajulikani, mama."

"Ukienda kuomba chipukizi la mgomba, ukakuta mwenye shamba hayupo, unafanyaje?"

"Narudi nyumbani."

"Ndiyo maana huna mgomba. Unapiga hodi mpaka majirani wasikie. Unasema unachukua nini na wewe ni nani. Mwizi hapigi hodi." Akanyoosha kidole mlangoni. "Nenda."

Nilisimama barazani kwenye manyunyu, mtu mzima, nikapaza sauti: hodi! Mimi Tusa, na Mama Lusekelo, tunachukua gemu ya watu! Najua sheria haiitambui hodi. Nimeisoma yote, haimo. Nilipaza hata hivyo.

Kutoka ng'ambo ya ua, mwanamume akaitikia, "Ile ya mpira? Nisubirini, navaa viatu!" Alikuwa Ambakisye, muuza maparachichi, aliyelia kwenye benchi lile alipofungwa akiwa darasa la nne. Nyuma yake akaja mkewe, kisha dada yake na mtoto mgongoni, na mama akawafunga wote mmoja mmoja huku akiimba, na pambio halikuisha mpaka giza.

Vijana wa siku hizi wana kila ruhusa. Wamelipia, wamekubali masharti, na siku kampuni ikizima mitambo yake wanabaki na risiti. Usiku kucha wanashindana na mtu wa Brazili, na jirani hajui hata kama wako nyumbani. Sisi tulicheza cha wizi, lakini hatukuwahi kucheza kimya.