Mchanga Mweusi wa Bali

Kwetu Sironga, udongo mweusi ni ule wa kando ya mto, baridi na laini, na ukiukanyaga peku unasikia raha. Kwa hiyo kazi iliponipeleka Bali na nikaona ufuo mweusi tii, nilivua viatu bila kufikiri. Ilikuwa saa saba mchana. Mchanga ule ulitapikwa na volkano zamani, na uliniunguza kana kwamba haujapoa tangu siku hiyo. Nilikimbia hadi majini na suruali yangu ya ofisini. Walioniona hawakucheka, jambo ambalo kwetu lisingewezekana.

Nikiwa majini nikamwona mama mmoja mwenye mvi akija na wimbi, amesimama juu ya ubao, magoti ameyakunja kidogo, ametulia kama mtu anayengoja chai. Wimbi lilimzidi kimo. Alianguka, akacheka, akarudi kulingoja lingine. Sijawahi kumwonea mtu wivu namna ile.

Nyumbani nilimpa mama yangu chupa ndogo ya mchanga ule. Aliusugua kwa vidole, akaunusa, akauliza huko wanapanda nini. Nikamwambia pale hawapandi kitu, wanacheza na mawimbi. Alinitazama kwa huruma.

Kesho yake nilikuta ameumwaga kwenye miche ya mboga zake za managu. Nilimweleza kwamba una chumvi. Mboga hazikufa, wala hazikunawiri, na lawama zote ni zangu: mpaka leo anasema nilileta kidogo.