Vizibo vya Madamu Mwanasiti

Siku Massoudi alipomwona Mwanasiti kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa amejiziba masikio kwa vidole, na cherehani yake bado ilikuwa kichwani kwa mpagazi. Ilikuwa mwaka 1999, katika shule ya ufundi mtaani Buyenzi. Chumba alichopewa cha kufundishia ushonaji kilipakana na karakana ya Fundi Térence. Kwa sababu ya vita kila mtu Bujumbura alitaka mlango wa chuma, na vijana wa Térence waligonga mabati kutwa nzima.

"We kaka, hawa watoto wanashinda humu?" alimuuliza Massoudi, mtunza stoo.

Massoudi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu mzima mwenye aibu nyingi, na wanafunzi walimwita Bwana Kufuli.

Mwanasiti aliijua kelele ile. Baba yake alikuwa mfua sufuria, na uzeeni alikuwa akikaa barazani kungoja adhana ambayo ilikwisha kuadhiniwa. Basi saa ya chai alizoea kusimama mlangoni pa karakana, akitaniana na vijana. Siku moja, katikati ya maneno, alivuta ncha ya mtandio akafunika mdomo kama anayekinga vumbi, akaendelea kwa sauti ile ile.

"Nani anataka chapati?"

Mikono ikapanda. Lakini wachache walibaki wakimtazama macho, wakitabasamu tu.

"Prodige," akasema bado amejifunika, "mama yako anaitwa nani?"

Prodige, kijana mrefu wa mtaa wa Kinama, hodari wa nyundo kuliko wote, akajibu kwa heshima, "Ndiyo, Madamu."

Wenzake wakaangua kicheko. "Mama yake anaitwa Ndiyo!" Jordan akapiga kelele, akishika mbavu.

Mwanasiti hakucheka. Alifunua mdomo, akauliza tena, na Prodige akajibu sawasawa, "Ernestine." Massoudi, aliyeona yote kutoka dirisha la stoo, akaelewa kwamba kijana yule siku zote alikuwa akisoma midomo ya watu.

Fundi Térence alipoelezwa, aligeuza sikio la kulia ili asikie vizuri. "Hata langu la kushoto lilikwisha zamani," alisema taratibu. "Tulidhani ndivyo kazi ilivyo."

"Lililokufa halirudi, Fundi," Mwanasiti akamwambia. "Lakini wengi wao bado wanalo."

Prodige alimfuata Mwanasiti hadi chumba cha ushonaji. "Madamu, usinitaje kwa mkurugenzi. Wakinifukuza nitaenda wapi?"

"Nani anakufukuza? Mi naogopa barieri ya askari barabarani, mwanangu. Kila jioni unapita pale. Siku askari atakuambia simama, na we usisikie?"

Kijana akainama. Jambo hilo lilimnyima usingizi hata yeye.

Mwanasiti akayeyusha mishumaa, akalowesha pamba, akafinyanga vizibo vya masikio na kuvifunga viwili viwili kwa uzi ili visipotee. Térence akatandika magunia ya mchanga chini ya mabati, na mlio ukapungua. Lakini vizibo vijana walivikataa.

"Madamu, risasi zikianza tutasikia na nini?" aliuliza Jordan. "Watu watakimbia wote, sisi watukute hapa tunagonga kama wajinga?"

Mwanasiti akavikusanya vizibo vyake. Mji mzima uliishi kwa masikio. Mtoto mdogo aliweza kukuambia mlio umetoka mlima gani. Kumwambia mtu azibe masikio wakati ule ilikuwa kama kumwambia afumbe macho barabarani.

Alichoweza kufanya ni kumwomba Massoudi, aliyeishi Kinama pia, awe anarudi pamoja na Prodige. Massoudi akakubali, ila kwa aibu hakutembea ubavuni pake. Alimfuata nyuma, kama mtu asiyemjua.

Jioni moja Prodige alivuka barieri, mikono mfukoni. Askari, ambaye alikuwa akipekua mfuko wa mwanamke, akageuka ghafla.

"Hagarara!" alimwamuru kwa Kirundi asimame.

Prodige akaendelea kutembea. Askari akaamuru tena, akainua bunduki. Hapo Massoudi akajikuta anakimbia mbele ya bunduki ile, akipaza sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua: "Hasikii! Afande, hasikii! Ni mutoto wa kugonga chuma, masikio yamekufa!" Akamkamata kijana shati.

Prodige akageuka, ameshangaa. "Kuna nini, mzee?"

Askari akashusha bunduki, akawatukana wote wawili, akawaambia watoke mbele yake.

Asubuhi Prodige aliwasimulia wenzake, na karakana ikalipuka kwa vicheko. "Kufuli limefunguka!" Wakamwimbia, wakampigia mabati. Massoudi akatafuta pa kujificha. Lakini vicheko vilipoisha, Jordan alisema, "Basi tumepata mutu. Yeye akae mlangoni masikio wazi, sisi tuzibe."

Mwanasiti akashona kitambaa chekundu, kikafungwa juu kwenye boriti kwa kamba iliyofika mlangoni. Massoudi akiivuta, kitambaa kilishuka mbele ya macho yao. Siku milio ya risasi iliposikika upande wa mtaa wa Kanyosha, aliivuta, na nyundo zote zikanyamaza hata kabla wauza nyanya wa nje hawajafunga mafurushi. Tangu hapo hakuna aliyegonga bila vizibo. Prodige alipewa kazi ya kupima na kuchora mabati, na nyundo akaiacha.

Mwaka uliofuata mume wa Mwanasiti, aliyekuwa akifanya kazi Kigoma, akamwita huko. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni pa karakana, akafunika mdomo kwa mtandio.

"Nani anataka chapati?"

Mikono ikapanda, ile ile ya mwaka uliopita, hata mmoja haukupungua. Wale wachache wakatabasamu tu, na wenzao wakawashika mikono, wakaiinua. Mwanasiti akajifuta macho, akaenda stoo. Massoudi akamtakia safari njema, akiiambia sakafu kwa sauti ya chini kabisa.

"Mi nimekusikia, kaka," alisema Mwanasiti. "Lakini kwa hawa usinong'one, apana. We piga kelele tu."